KUUMIA KAZINI SI MWISHO WA KAZI

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa Mishomoroni na jirani zao wa Kisauni, Mombasa. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia watu wa Likoni, wa Changamwe na wa mashambani, maana ajali haichagui mtaa.

Kila alfajiri katika mtaa wa Mishomoroni, kabla jua halijapanda, njia huwa zimejaa watu wanaokwenda kutafuta riziki. Wengine huvuka daraja la Nyali kwenda kisiwani na bandarini Kilindini. Wengine huelekea katika mahoteli ya Nyali na Bamburi, au soko la Kongowea, au penye majumba yanayojengwa huku na huku Kisauni. Wamo waashi, makuli, wapishi, mafundi wa cherehani, madereva, wasukuma mikokoteni na waendesha pikipiki. Wengi wao hawana shamba mjini, wala duka, wala nyumba ya kupangisha. Mali yao ni mikono yao, miguu yao, macho yao, na ufundi walioupata kwa miaka mingi.

Basi mtu wa namna hii akianguka kutoka juu ya jukwaa akavunjika mguu, au mashine ikamkata vidole, misiba miwili humfika. Msiba wa kwanza ni jeraha lenyewe. Huo umekwisha kutokea, na hapana awezaye kuurudisha nyuma. Msiba wa pili ni kupoteza kazi. Huo haukuletwa na jukwaa wala mashine. Huletwa na watu, kwa haraka yao, au kwa kutojua, au kwa hofu. Na kwa kuwa huletwa na watu, watu wanaweza kuuzuia. Habari za msiba huo wa pili ndizo zinazokusudiwa katika mazungumzo haya.

Wazee walisema, "Kabla hujafa hujaumbika." Maana yake ni kwamba mwenye viungo vyote leo hana hati ya kumhakikishia kuwa atakuwa navyo kesho. Kwa hiyo asidhani mtu yeyote kwamba maneno haya ni ya wengine. Ni ya tajiri na ya mtumishi, ya mnyapara na ya kibarua, ya mume na ya mke.

FIDIA NA KAZI NI VITU VIWILI

Watu wengi wakisikia kuwa jirani ameumia kazini, swali la kwanza huwa, "Atalipwa kiasi gani?" Swali hilo si baya, maana fidia ni haki yake. Lakini liko swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: "Atarudi kazini lini, na kwa kazi gani?"

Hesabu itaonyesha sababu. Kwa sheria ya Kenya, fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96, kisha hupunguzwa kwa kadiri ya ulemavu ulioonekana na daktari. Chukua mfano wa mtu mwenye umri wa miaka 30, ambaye mshahara wake ni Sh. 20,000/- kwa mwezi, na daktari ameandika kuwa ulemavu wake ni asilimia 30. Mishahara ya miezi 96 ni Sh. 1,920,000/-. Asilimia 30 ya fedha hizo ni Sh. 576,000/-.

Fedha hizo zikiwekwa mezani mbele ya mtu aliyezoea kuhesabu shilingi za mwisho wa mwezi, huonekana kama bahari. Lakini kama hana kazi, na nyumba yake yatumia sawasawa na mshahara wake wa zamani, hazitatimiza miezi 29. Hata kabla hajafika umri wa miaka 33 zitakuwa zimekwisha, naye bado ana watoto wa kusomesha. "Chovya chovya humaliza buyu la asali." Na mtu yuleyule, kama angebaki kazini mpaka afikie umri wa miaka 60, kwa mshahara uleule bila nyongeza hata ya senti moja, angepokea jumla ya Sh. 7,200,000/-.

Kwa hiyo fidia ni ya kuziba pengo; haiwezi kulisha nyumba kwa miaka thelathini. Aliyeumia asiiache fidia yake, wala asiiuze kazi yake kwa ajili ya fidia. Mambo hayo mawili hayapingani. Kupokea fidia si kujiuzulu, na tajiri asiyatumie malipo hayo kama mkono wa buriani.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya fidia kwa watu wa kazi iliyotungwa wakati wa ukoloni iliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Ilifutwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi huijua kwa jina la WIBA. Sheria hiyo ilishindaniwa mahakamani kwa muda mrefu, hata Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi wake mwezi wa Desemba 2019. Tangu hapo imekuwa wazi kuwa madai ya mtu aliyeumia kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, hayaanzii mahakamani. Mambo yafuatayo yafaa kujulikana na kila mtu aendaye kazini.

Kwanza, aliyeumia, au mwenzake kwa niaba yake, hana budi kumpa tajiri habari za ajali. Sheria yakubali habari ya mdomo au ya maandishi, lakini maandishi ni bora, maana karatasi haisahau. Siku, saa, mahali, chombo kilichomwumiza na majina ya walioona yaandikwe siku hiyohiyo.

Pili, tajiri akisha kupata habari hizo, yampasa kumwarifu Mkurugenzi katika muda wa siku 7. Ajali ikiwa imesababisha kifo, habari zataka kupelekwa katika muda wa saa 24.

Tatu, madai ya fidia yapelekwe katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Wako watu waliopoteza haki yao, si kwa kuwa hawakuumia, bali kwa kuwa walingoja maneno ya "njoo kesho" mpaka mwaka ukapita.

Nne, mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda wa siku 3 au zaidi kwa sababu ya jeraha la kazini ana haki ya kulipwa mapato yake wakati anapotibiwa, kwa kadiri sheria inavyoweka, nayo malipo hayo yaweza kuendelea hata miezi 12. Hii ndiyo nafasi aliyopewa ili apone, na ndiyo nafasi waliyopewa wote wawili, yeye na tajiri wake, wapange namna ya kurudi.

Tano, asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi aweza kuupinga katika muda wa siku 60.

Tena kila tajiri yampasa kuwa na bima ya watumishi wake. Mwenye mashua huitengeneza kabla ya bahari kuchafuka, hangoji mawimbi. Vivyo hivyo bima hukatwa kabla ya ajali.

KIBARUA NAYE ASISAHAULIWE

Neno lenyewe "kibarua" lina habari zake. Kamusi za zamani zaeleza kuwa lilitokana na barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili ajulikane kuwa amefanya kazi na astahili ujira. Kikaratasi kilikwisha na jua la siku hiyo, na mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Mpaka leo wako wanaofikiri kuwa haki ya mtu huyo nayo hukoma jua linapotua.

Sivyo ilivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kuwa kibarua akiendelea kufanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali yake haiwezi kumalizika upesi kuliko miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa mtu wa kutwa, bali mtumishi wa mwezi. Mwashi aliyejenga jengo moja la ghorofa tangu msingi mpaka paa, akilipwa kila jioni, asikubali kuambiwa siku ya kuanguka kwake kuwa hajulikani. Kwa sababu hiyo vibarua wote wafanye desturi ya kuweka kumbukumbu ya siku walizofanya kazi, hata kama ni katika daftari ya shule ya mtoto, na ujumbe wa malipo uliofika katika simu usifutwe. Siku ya haja hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yao.

MAJUMA YA KWANZA NDIYO YANAYOAMUA

Watu wengi waliopoteza kazi kwa sababu ya jeraha hawakufukuzwa kwa siku moja. Kamba iliyowafunga na kazi yao ilikatika uzi mmoja mmoja.

Mambo huenda hivi. Mtu amelazwa hospitalini. Juma la kwanza wenzake huja kumtazama na machungwa mkononi. Juma la tatu mnyapara amekwisha kuweka mtu mwingine mahali pake, naye hakumwambia. Mwezi wa pili mgonjwa amerudi Mishomoroni. Amekaa barazani na magongo yake, anaona aibu kwenda kazini kuuliza, asije akaonekana kuwa anaomba sadaka. Tajiri naye anaona haya kumpigia simu, asije akadaiwa. Mwezi wa nne jamaa wa nyumbani wanasema, "Heri arudi kwao bara, mji una gharama." Mwezi wa sita hapana mtu kazini anayekumbuka jina lake. Kumbe mguu wake ulipona mwezi wa tano.

Katika habari hiyo hapana mtu mbaya, ila kila mmoja alinyamaza, na kimya hicho ndicho kilichomwondoa kazini.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama kubwa. Kila mahali pa kazi ateuliwe mtu mmoja, mnyapara au karani au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, ambaye kazi yake ni kumtembelea aliyeumia katika juma la kwanza, na baada ya hapo kila juma mbili. Amwambie maneno matatu: kwamba jina lake bado limo katika orodha, kwamba aliyewekwa mahali pake amewekwa kwa muda, na kwamba siku fulani, itajwe, watakaa pamoja na karatasi ya daktari kuzungumza juu ya kurudi kwake. Aliyeumia naye asingoje kuitwa. Apeleke habari kila anapotoka kwa daktari, ajapokuwa habari zenyewe ni za kusema kuwa bado anatembea kwa magongo.

Na ikiwa tajiri anaona kwamba mtumishi hawezi tena kazi kwa sababu ya hali ya mwili wake, asimpe barua ya kumwondoa kana kwamba anafukuza paka jikoni. Sheria ya Ajira yamtaka kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtumishi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama chake, asikilize pamoja naye na kumsaidia kujibu. Ulemavu peke yake si sababu ya haki ya kumwondoa mtu. Lazima kwanza itazamwe kama kazi yenyewe yaweza kutengenezwa imfae.

KAZI ITENGENEZWE IMFAE MTU

Hapa ndipo palipo na shina la jambo lote. Mara nyingi tajiri huuliza, "Je, mtu huyu aweza kufanya kazi yake ya zamani?" Akijibiwa "La," hufunga faili. Lakini kazi yoyote si kitu kimoja kama jiwe. Ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja kama tita la kuni. Tita likifunguliwa, huonekana kuni zipi bado zaweza kubebwa.

Mwashi aliyekatwa mguu hawezi kupanda jukwaa. Lakini kujenga nyumba si kupanda jukwaa tu. Kuna kusoma ramani, kuhesabu matofali, kupima mchanga na saruji, kukata vigae juu ya meza, kutazama ukuta kwa timazi na pima maji, na kuwafundisha vijana. Ufundi wa mwashi wa miaka kumi na mitano haukuwa katika mguu uliokatwa.

Mpishi wa hoteli aliyepoteza vidole vya mkono wa kushoto hawezi kushika kitunguu akikate kama zamani. Ubao wa kukatia ukipigiliwa misumari miwili isiyoshika kutu, kitunguu hukaa juu ya misumari hiyo bila kushikwa, na mkono wa kulia hufanya kazi yake. Ubao huo hautengenezwi kwa gharama ya maana. Seremala yeyote aweza kuutengeneza kwa saa moja.

Fundi wa cherehani aliyelemaa miguu aweza kushona kwa cherehani ya umeme ambayo kidude chake cha kuiendesha kimeondolewa chini na kuwekwa mahali pa kubonyezwa kwa kiwiko. Kuli ambaye mgongo wake haukubali tena mizigo aweza kuwa karani wa kuhesabu shehena, ikiwa anajua kusoma na kuandika. Na kama hajui, miezi ya kupona ni wakati mzuri wa kujifunza. Msukuma mkokoteni wa Kongowea aweza kusimamia mizani. Karani aliyepofuka aweza kuendelea na kazi kwa kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti.

Mabadiliko mengine ni madogo hata watu huyacheka: ubao wa mteremko penye kizingiti, meza iliyoinuliwa kwa matofali mawili, kiti mahali ambapo wote husimama, choo ambacho mlango wake hupitisha kiti cha magurudumu. Wengine wanahitaji saa tu zibadilishwe. Mtu mwenye mguu wa bandia anayegombania matatu saa kumi na mbili asubuhi, na kukanyagwa katika msongamano wa daraja la Nyali, hufika kazini amekwisha kuchoka. Akiruhusiwa kuanza saa tatu na kumaliza baadaye, tajiri hakosi kitu.

Kurudi kazini kusiwe kama kurushwa majini. Kwanza nusu ya siku kwa majuma machache, kisha siku nzima. Kwanza kazi nyepesi, kisha ya kawaida yake. Daktari aulizwe, na zaidi ya daktari aulizwe mwenyewe. Mara nyingi watu hukutana wakapanga mambo ya mtu naye yuko nje ya mlango. Yeye ndiye aujuaye mwili wake, na yeye ndiye aijuaye kazi yake.

Liko onyo moja. Asipewe kazi ya huruma. Fundi hodari akiwekwa langoni kufungua na kufunga tu, bila sababu ila kwamba hana mkono mmoja, atakuwa amebaki kazini kwa jina, naye moyoni amekwisha kuondoka. Kazi nyingine yoyote ni ya heshima ikiwa inatakiwa kweli, na ikiwa ndiyo aiwezayo. Lakini isiwe pa kumficha. Wala mshahara wake usipunguzwe kwa siri kwa kudhani kuwa hawezi kulalamika.

Tajiri naye apige hesabu yake. Mtu mpya hujifunza kwa miezi, huharibu vifaa, hajui desturi za mahali. Aliyeumia anazijua zote, na mara nyingi hapana mtu atakayekuwa mwangalifu wa usalama kuliko yeye. Tena wenzake wote wanatazama. Wakiona mwenzao ametupwa kama ganda la dafu, watafanya kazi kwa mkono mmoja, na mwingine wakitafuta kazi kwingine. Wakiona amerudi, watajua kuwa wako mahali pa watu.

MIFANO YA MBALI NA YA KARIBU

Mambo haya si ndoto, maana yamekwisha kujaribiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Uingereza, askari waliovunjika uti wa mgongo walihesabiwa kuwa watu wa kungoja mauti. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia mateso ya Ujerumani, alipewa kusimamia wagonjwa hao katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwaacha walale wakitazama dari. Aliagiza wageuzwe mchana na usiku ili vidonda visiwale, akawapa michezo, na akawapa kazi hapo hapo hospitalini, kama useremala na kutengeneza saa. Nia yake ilikuwa warudi kuwa watu wanaolipa kodi. Wengi walitoka wakaenda kazini, na michezo yake ndiyo mbegu ya Michezo ya Paralimpiki ya leo.

Mwaka huo huo wa 1944 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kwamba tajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua 3 katika kila mia. Sheria hiyo iliwafaa wengi, walakini haikusimamiwa kwa nguvu, na baada ya miaka hamsini kanuni hiyo ya hesabu iliondolewa, ikafuatwa na sheria ya kukataza ubaguzi ya mwaka 1995. Fundisho lake ni kwamba hesabu iliyoandikwa kitabuni haimweki mtu kazini, kama mahali pa kazi penyewe hapana anayeitunza.

Bara Hindi, katika mji wa Jaipur, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na Dakta P. K. Sethi walitazama miguu ya bandia iliyotoka ng'ambo wakaona haifai. Ilitaka kiatu, na mtu hakuweza kuchutama wala kutembea katika matope. Wakatengeneza mguu wa mpira unaokwenda pekupeku, unaokunjika, unaoingia shambani. Fundisho lake ni kwamba kifaa hakina budi kufuata maisha ya mtu. Mvuvi na mkulima hawahitaji mguu wa mtu wa afisini.

Lakini hapana haja ya kwenda mbali. Kutoka Mishomoroni mpaka Bombolulu, kando ya barabara ya Malindi, ni mwendo mfupi. Hapo ndipo Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilipofungua karakana zake mwaka 1969. Wanawake na wanaume wenye ulemavu wametengeneza hapo mapambo, nguo, vinyago na vitu vya ngozi, vikanunuliwa na wageni na kupelekwa ng'ambo. Hawakununuliwa kwa huruma. Mnunuzi wa ng'ambo hajui mkufu ulitengenezwa na mtu aliyeketi katika kiti gani. Ameupenda mkufu.

Hata hivyo karakana moja, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kubeba watu wote wa pwani. Yafaa kwa wale ambao hawakupata kazi kwingine. Aliyekuwa na kazi kabla ya kuumia, mahali pake pa kwanza ni pale alipokuwa, kati ya watu wanaomjua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuthibitisha mwaka 2008, wawataja waziwazi hata wale waliolemaa wakiwa tayari kazini, na wazitaka nchi zisaidie watu kubaki katika kazi zao na kurudi kazini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka matajiri watengeneze mahali pa kazi pawafae watu hao, na mwaka 2025 Bunge lilitunga sheria mpya iliyochukua mahali pake. Kwa hiyo anayeomba meza yake iinuliwe haombi hisani.

NYUMBANI NA MTAANI

Neno la mwisho ni la nyumbani, maana hapo ndipo mtu hupata au hupoteza moyo wake.

Jamaa humpenda aliyeumia, na kwa mapenzi hayo humdhuru. Humlisha aliye na mkono wa kula, humbeba awezaye kutambaa, humjibia aliye na ulimi wake. Baada ya mwaka mmoja wamemtengenezea ulemavu wa pili ulio mkubwa kuliko wa kwanza. Afanye mwenyewe ayawezayo, hata akichelewa. Mazoezi aliyopewa hospitalini yafanywe kila siku, maana mguu usiotumiwa hukauka kama mti uliokosa maji. Watoto wasifundishwe kunong'ona mbele yake.

Mke au mume wa aliyeumia naye asiachwe peke yake na karatasi za hospitali, za bima na za kazi. Kila mtaa una mtu aliyesoma. Huu ndio wakati wa kusoma kwake kuwafaa jirani. Na kila aliyelemaa aandikishwe katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo kwa njia yake watu hupata msaada wa vifaa kama magongo na viti vya magurudumu. Hata yule aliyeumia nje ya kazi, kama katika ajali ya pikipiki siku ya mapumziko, ambaye fidia ya kazini haimhusu, asidhani kuwa milango yote imefungwa. Haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa kazini, na haki ya kutobaguliwa, ni zake pia.

Basi, Mabibi na Mabwana, maneno yote haya yaweza kukusanywa katika mambo manne. Ajali iandikwe siku hiyohiyo na ipelekwe panapohusika. Kamba kati ya aliyeumia na kazi yake isikatwe kwa kimya. Kazi ifunguliwe kama tita, itazamwe ni sehemu zipi awezazo, na mahali patengenezwe. Tena mwenyewe aulizwe, asiamuliwe.

Wahunzi wa zamani walifanya kazi ya moto na nyundo, na koleo zao zilivunjika mara nyingi. Hawakuzima moto kwa sababu hiyo, wala hawakumfukuza mhunzi. Walifua koleo nyingine. Ndiyo maana wazee walisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."